Maziwa ya Malkia

Kila asubuhi kabla ya shule, Ivyne aliwatilia nyuki maji kwenye karai nyuma ya ploti yao, Riruta. Mamake alipokuwa hai, hiyo ilikuwa kazi yake. Sasa walibaki Ivyne, babake Oyoo, na mzinga huo mmoja alioupenda marehemu.

Wiki iliyopita wakubwa wa mtaa walipuliza dawa ya wadudu kwenye miti bila kumwambia mtu. Malkia akafa. Nyuki walijenga chumba kimoja tu cha kulelea malkia mpya, kikaning'inia mdomo chini, na buu mmoja ndani yake. Kikiharibika hicho, mzinga umekwisha.

Lakini Ivyne alipowaeleza wenzake darasani kwamba buu huyo hulishwa maziwa ya malkia, chakula cheupe kizito kinachotengenezwa na nyuki, Jackie alimcheka. "Ati maziwa ya nyuki! Kwenu mnakamua nyuki? Kwa ndoo gani?"

Basi asubuhi iliyofuata Ivyne alivaa kofia ya wavu ya babake, akachota maziwa ya malkia chumbani mwa buu kwa kijiti ili akamwonyeshe Jackie, na pengo akalijaza maji ya sukari. Sukari ni sukari tu, alijiambia.

Darasani Mwalimu Wanjira aliyafurahia maziwa hayo. "Sukari iliyomo humu si kama ya dukani. Nyuki walezi wana vimeng'enya, kemikali za mwilini zinazounga sukari kama shanga, kisha kuibandika kwenye protini. Protini hizo zikishikana, maziwa huwa mazito, buu haanguki."

"Na yakitiwa maji, Mwalimu?" Ivyne aliuliza.

"Ataanguka."

Jackie hakucheka tena. Ivyne hata hakumwangalia.

Jioni alimkuta babake ameshika kiberiti. Buu alikuwa sakafuni mwa mzinga, amekufa.

"Sumu yao hiyo!" Oyoo alifoka. "Imeingia hata kwenye masega. Nachoma yote!"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Nani angewatetea wapuliza dawa?

"Baba, usichome. Si sumu. Ni mimi." Akaeleza yote huku akilia.

Oyoo aliketi juu ya debe. "Nyuki wa mamako, Ivyne. Kwa sababu ya Jackie?"

Alienda kwa jirani yao, Mzee Kiragu, akaomba sega lenye mayai mapya. Nyuki wakajenga chumba kingine cha malkia, na baada ya majuma kadhaa malkia mpya akaanza kutaga.

Hata siku hiyo Oyoo hakutabasamu. "Waliomuua malkia wa kwanza nimewaendea ofisini mpaka viatu vikaisha. Kila mmoja ananituma kwa mwenzake. Hakuna aliyesema, 'Ni mimi.' Wewe ulisema, ndiyo maana mzinga haukuchomwa. Ukiwa mkubwa, ukipewa ofisi yako, useme vivyo hivyo. Usingoje mtu maskini aje kukugongea mlango."