Aliyepiga Hodi Ghorofa ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Sesilia aliposhuka kununua chumvi, amenuna. Matangazo aliyoyasoma kule Lewisham wanakoishi yalisema kila chumba cha hoteli ile kina jiko lake. Hayakusema kwamba jiko linawaka upande mmoja, sufuria haina mfuniko na lifti imekufa. Mwaka mzima aliwaogesha wazee wa watu huku akiiota bahari ya Uhispania. Sasa amefika, na dirisha lake linatazama mapipa ya taka!

"Hii ndiyo holiday yako, Baba Dinah," alimwambia mumewe aliporudi, akihema kwa zile ngazi.

"Relax, mke wangu. Pika tule," alijibu Humphrey, miguu juu ya kiti.

Pika tule! Hata huku! Akautoa unga aliousafirisha ndani ya sanduku katikati ya nguo za kuogelea, akaanza kusonga ugali kwa hasira. Dinah, binti yao wa miaka sita, alikuwa mezani anachora.

Mlango ukagongwa.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamke. Ya kwao kabisa. Tangu wafike hakuna jirani aliyewasalimia, kwa hiyo Sesilia alifurahi mpaka akasahau kununa.

"Karibu! Pita ndani, mlango uko wazi!"

Mlango ulifunguka kidogo. Ukajifunga.

Hakuingia mtu.

Alichungulia nje. Korido tupu. Ila harufu... harufu ya nguo zilizolowa maji ya bahari, zikavundikwa bila kuanikwa.

Dinah alisogeza kiti chake kumpisha mtu.

"Mummy, the lady needs a plate."

"Lady gani?"

"You said karibu."

Kulipokucha mtoto alikuwa anachemka kwa homa. Hakula. Kila kijiko alichopewa alikisogeza pembeni, hewani, kana kwamba anamlisha mwenzake. Daktari aliyeitwa na hoteli aliacha dawa ya maji akaenda zake. Humphrey alisema ni jua tu. Sesilia alitamani kumtwanga na mwiko.

Alikwenda kulia kwenye ngazi, na hapo ndipo jirani wa chumba cha pili alipomkuta. Alikuwa Mzee Vijay, Mhindi wa Neasden, jiji moja na wao, aliyezaliwa Mwanza, na kila kiangazi alikuja hapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyemjibu?" alinong'ona.

"Nani?"

"Anapiga hodi kila jioni. Wazungu hawaelewi. Mimi nanyamaza." Akatazama nyuma yake. "Wanasema alikuwa yaya, aliletwa huku na matajiri. Mtoto aliyekuwa akimlea alizama, naye akamfuata majini. Mengine sijui. Lakini binti yangu, umemkaribisha mgeni, hukumsindikiza. Msindikize. Na usigeuke mpaka yeye mwenyewe akuambie urudi."

Jioni ilipoingia Sesilia alimwacha Dinah kitandani, baba yake pembeni. Akafungua mlango.

"Haya dada, twende nikusindikize."

Alianza kushuka. Nyuma yake...

Chwa. Chwa. Chwa.

Nyayo zilizolowa.

Walipita baa, wakapita maduka ya maboya, katikati ya watalii waliokuwa wanacheka na aiskrimu zao. Kwao Bukoba mgeni muungwana hafiki mbali. Hata njia panda hawajafika, ameshamwambia mwenyeji wake inatosha. Huyu alinyamaza tu. Lami ikaisha. Mchanga ukaisha. Maji yakamfika Sesilia vifundoni.

"Dada, nimekusindikiza vya kutosha," alisema akilia, kwa hofu na kwa hasira pia. "Niambie nirudi. Nina mgonjwa."

Akapiga hatua nyingine.

Maji yalipofika magotini, sauti ilisema sikioni mwake, kwa upole kabisa:

"Basi, ndugu yangu. Rudi. Mtoto nitafika naye mwenyewe."

Alikimbia mpaka ghorofa ya tatu bila kujua alivyopanda. Dinah alikuwa mapajani mwa baba yake, anakula mkate na anacheka. Homa haipo.

"Si nilikwambia ni jua?" alisema Humphrey.

Sesilia alimshika mtoto uso, masikio, vidole. Alikuwa yeye. Kila kitu kilikuwa chake.

Siku hizi Dinah anasoma sekondari Lewisham, na walimu wanamsifu. Humphrey anamshukuru Mungu. Kila Jumapili Sesilia humsuka nywele, na akimaliza humgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama kwa muda mrefu. Dinah hutulia tu, akamwacha amtazame.

Kuna swali ambalo hajawahi kumuuliza: wewe ni mtoto wa nani? Anaogopa atajibiwa.