Safu za Mkono wa Kushoto

Saa kumi na mbili jioni Anisia alitoka nyumbani kwake Magarama, mjini Gitega, Burundi, kwenda kununua maziwa ya unga. Mtoto alikuwa mgongoni, analia. Alikuwa akilia tangu saa nane mchana, na Anisia alishaacha kumbembeleza. Alitembea tu, kama mtu aliyebeba redio isiyozimika.

Usimlaumu. Mjane wa miaka arobaini na moja, hajawahi kuzaa, halafu siku moja anakabidhiwa kichanga. Mtoto alikuwa wa mdogo wake, Jeska, aliyefariki huko Muyinga siku ya sita baada ya kujifungua. Baba wa mtoto, Elias, alijua kulia lakini hakujua kubadilisha nepi. Basi siku ya tatu baada ya mazishi, alfajiri, Anisia alimfunga mtoto mgongoni, akapanda gari la kurudi Gitega bila kupita kaburini. Hakuona ubaya wowote. Yeye na Jeska walikulia katika kambi ya wakimbizi, Kigoma, na kule watu walizika, wakahamishwa, wakaacha makaburi yao nyuma. Ungeaga mangapi?

Mtoto, waliyemwita Happy, sasa alikuwa na miezi mitatu. Na kwa miezi mitatu Anisia hakuwa amelala usingizi unaostahili jina hilo.

Duka lilikuwa la Pétronille, mama wa Kivu Kusini, mchangamfu, mwenye neno kwa kila mteja. Jioni ile alimpa Anisia kopo la maziwa, kisha akainama chini ya meza na kutoa mfuko.

"Kuko mama moja alikuya hapa asubui," alisema. "Alisema hii ni ya wewe. Umutengenezee shali ya pembe tatu, ya mistari, ya matundu-matundu. Alisema unajua namna."

Anisia akauliza ni nani. Pétronille hakuweza kusema. Yule mama alisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, hata sura haikuonekana. Alisema tu kwamba ametoka Muyinga na atajua mwenyewe siku ya kuichukua.

"Alinipatia mufuko na mukono ya kushoto," Pétronille akaongeza, akiwa bado na kinyongo. "Mi nikanyamaza. Bon, pengine hakufundishwa."

Nyumbani Anisia alimimina uzi juu ya mkeka. Mabonge sita, matatu meupe na matatu ya rangi ya damu ya mzee. Uzi mpya hunuka duka. Huu ulinuka udongo uliolowa… na kitu kingine. Aliusogeza puani.

Maziwa. Maziwa ya mama, yaliyoanza kuchacha.

Akajiambia ni yale Happy aliyomcheulia begani. Kroshia ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afariki, na kazi ikija huiulizi ilikotoka.

Shali ya pembe tatu huanza kwa vitanzi vinne tu, ndogo kama ukucha. Kila safu hurefuka kuliko iliyotangulia, na mfumaji huchoka zaidi kadiri anavyokaribia mwisho. Anisia aliweka safu mbili za damu ya mzee, mbili nyeupe, mbili za damu ya mzee, na katikati akaacha vitundu vya lesi vilivyopangana vizuri. Kesho yake alifika mwisho wa mstari mweupe wa tatu. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua ilipiga bati, mtoto alikuwa ananung'unika kando yake. Alifumba macho kidogo tu.

Alipoyafumbua ilikuwa saa kumi na moja.

Saa mbili nzima! Alikurupuka akijua mtoto amekauka kwa kilio. Lakini Happy alikuwa macho, ametulia, anatazama kona ya chumba. Chupa ya maziwa ilikuwa imejaa vilevile. Na shali ilikuwa na mstari mpya wa damu ya mzee.

Safu mbili, kamili.

Kazi ya rangi moja ingemdanganya. Kazi ya mistari haidanganyi mtu. Aliiacha ikiwa nyeupe, na sasa haikuwa nyeupe. Alijiambia kwamba mikono yake ilifuma yenyewe usingizini, kwa mazoea. Akachukua chupa ampe mtoto. Mtoto akageuza uso. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na tone jeupe, la uvuguvugu, na pumzi yake ilinuka utamu ambao haukutoka katika kopo lolote.

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo. Safari hii Anisia aliipeleka shali dirishani, akaikagua safu kwa safu. Katika safu zake vitanzi vililalia upande mmoja, kama vya mtu yeyote wa mkono wa kulia. Katika zile nyingine vililalia upande wa pili. Na vilikazwa sana mwanzoni, kisha vikalegea, vikakazwa tena.

Aliujua mkono ule. Aliufundisha yeye mwenyewe, chini ya turubai, kambini. Mwalimu alimchapa Jeska mpaka akaandika kwa mkono wa kulia, lakini sindano ya kroshia hakuna aliyeweza kuitoa katika mkono wake wa kushoto.

Hapo akakumbuka simu ya Jeska, mimba ikiwa ya miezi minane. "Dada, nifumie shali ya kutokea na mtoto. Ya pembe tatu, ya mistari." Anisia alimjibu kwamba amechoka, ataifuma baadaye.

Mtu mwingine angeitupa ile shali chooni na kukimbilia kwa padri. Anisia naye aliogopa. Lakini nitakuambia jambo ambalo yeye hakumwambia mtu. Kesho yake, saa tisa, aliikunjua shali kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka kando ya mtoto, akalaza sindano juu yake, akageukia ukutani na kulala.

Akafanya hivyo siku tano.

Usiseme wewe usingefanya. Alilala kama watu wanavyolala. Uso ukarudi na nyama. Jirani yake Lucia alimsifu, akamtania kwamba lazima amepata mchumba. Anisia akacheka, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jioni alipoiokota ile kazi, aliongeza safu zake mbili juu ya zile mbili, na wala hakutazama kona.

Siku ya sita alimwinua Happy amwogeshe. Mtoto alikuwa mwepesi. Viganja vyake vilikuwa baridi kama chupa iliyolala nje. Na alipokumbatiwa akaanza kulia, si kilio cha njaa wala cha tumbo. Alijinyoosha kutoka mikononi mwa Anisia, akainyoosha mikono yote miwili kwenye ile kona tupu.

Alikuwa anamlilia mtu mwingine.

Anisia aliumia pale kuliko alivyowahi kuogopa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, majirani walipenda kumwambia, wakimaanisha yeye haujui. Sasa aliujua. Aliitazama shali, ilikuwa imebaki safu moja nyeupe. Akapiga simu Muyinga, kwa mama yake Elias, bibi mmoja anayeitwa Imelda, asiyependa maneno mengi.

Alimweleza yote isipokuwa zile siku tano. Imelda aliuliza, kwa Kirundi, kama siku ile ya kuondoka alipita kaburini kumwambia marehemu mtoto anapelekwa wapi. Anisia akasema hapana.

"Basi amekutafuta mpaka amekupata," Imelda alisema. "Usimalize. Usilale. Mlete."

Anisia na mtoto walifika kilimani kwa Imelda, Muyinga, jua likiwa limeinama. Imelda aliipokea shali, akaipitisha kati ya vidole. Akamwingiza Anisia katika chumba alichofia Jeska na kumkalisha juu ya kitanda chenyewe. Hapo ndipo alipomweleza. Mzazi hulala kwenye kitanda cha uzazi, kiitwacho ikiriri, mpaka siku anapotolewa nje na mtoto wake, amevaa vizuri, watu wamwone. Jeska alifariki kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo bado hajatoka. Shali ikiisha atakuwa amepata nguo ya kutokea. Na mzazi hatoki mikono mitupu.

"Anayefunga kitanzi cha mwisho ndiye anayetoka na mtoto," alisema. "Hata mtoto awe wa nani."

Kisha akatoka, akafunga mlango.

Nje, Elias na majirani wachache walikuwa wakingoja na mtungi wa pombe ya mtama. Ndani kulikuwa na mwanga wa dirisha dogo tu, nao ulikuwa unapungua. Anisia alimlaza Happy mapajani, akashika sindano, akaanza. Safu ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Kitanzi. Kitanzi. Kitundu. Kitanzi.

Alifika katikati.

Uzi ukakaza.

Alidhani bonge limenasa kwenye mguu wa kitanda. Akavuta taratibu. Uzi ukaja kidogo… kisha ukarudi ulikotoka. Ulivutwa. Chini ya kitanda bonge lilibingirika, likasimama, likabingirika tena, krr… krr… juu ya sakafu ya udongo. Harufu ya maziwa ilipanda ikajaa chumba. Mtoto aliacha kulia. Akatabasamu, akitazama bega la kushoto la Anisia.

Sauti ilikuwa karibu sana na sikio.

"Dada, umechoka. Nipe."

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo lililommaliza. Ilikuwa sauti ya Jeska yuleyule, ya jioni za kambini, alipompokea ndoo ya maji njiani bila kuombwa. Mikono ya Anisia ikalegea yenyewe. Macho yakawa mazito. Sindano ilianza kumponyoka vidoleni, polepole, kana kwamba kuna mtu anayeichukua kwa adabu.

"Sijachoka," Anisia akasema.

Ulikuwa uongo, na wote wawili walijua. Lakini aliuzungusha uzi mara mbili kwenye kidole mpaka ukamkata, akavuta kwa nguvu zote. Kitanzi. Kitundu. Kitanzi. Alifuma huku analia, mtoto naye analia, na nyuma yake kuna mtu wa tatu aliyelia kwa sauti ndogo kuliko wote. Alifunga kitanzi cha mwisho, akakata uzi kwa meno.

Kimya.

Alijifunika ile shali mabegani, akambeba mtoto, akafungua mlango. Imelda akapiga vigelegele, si kwa furaha, ila kwa sababu ndivyo inavyofanywa, na wanawake wengine wakaitikia. Watu wakamwona. Wakampeleka kaburini, naye akasema alichoambiwa aseme: kwamba mtoto yuko kwake, Gitega, mtaa wa Magarama, na kwamba yeye ndiye mama yake sasa. "Wewe pumzika, Jeska." Shali wakaifukia palepale. Elias aliweka jiwe juu yake, akalia tena.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, Imelda alimshika mkono. Akamwambia kwamba marehemu amesikia na haji tena mwenyewe, mlango umefungwa. Kisha akamtazama muda mrefu, kana kwamba alikuwa anaziona zile siku tano zote. Akasema mlango huo hufunguka kwa upande mmoja tu, upande wa walio hai.

Happy alirudi kuwa mtoto. Viganja vikapata joto, chupa akaimaliza na kudai nyingine. Anisia alimshukuru Mungu kanisani Jumapili mbili mfululizo. Pétronille aliulizwa kama yule mama amepita tena, akasema hajamwona, na kusema kweli hana hamu naye.

Halafu meno yakaanza kuota.

Alilia usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akalia mchana. Alibebwa, akalia. Akalazwa, akalia. Lucia alimshika nusu saa, akakumbuka ana shughuli. Wiki ya pili Anisia aliungua mkono kwa chungu kwa sababu alisinzia amesimama, na juzi yake alisahau kama amekula au hajala. Siku moja alimtazama yule mtoto mdomo wazi, uso umeiva kwa kilio, akamwinua kwa nguvu kupita kiasi, akaona mikono yake inataka kufanya nini. Akamlaza upesi kwenye mkeka. Akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono ameificha kwapani.

Ilikuwa saa tisa. Mvua ilipiga bati.

Alimpenda mtoto huyu. Usikosee hapo. Alimpenda kuliko roho yake, na alitaka awe wake mpaka mwisho. Lakini alikuwa amechoka mahali ambapo mapenzi hayafiki. Aliteleza kwa mgongo mpaka akakaa sakafuni. Akageuza uso kuelekea ukutani, asione atakachokiona.

"Jeska," akanong'ona. "Mshike kidogo tu."

Mtoto akanyamaza.

Anisia akalala.