Usiitike Langoni

Ilianza na harufu. Alasiri moja, mvua ikiwa imekatika, Waithira alikuwa akianua nguo za watoto aliposikia harufu ya mahindi yaliyoungua, na jikoni hapakuwa na moto. Kisha mtu akamwita kutoka langoni, kwa Kikikuyu, aje. "Waithira, ũka." Nguo zikamponyoka. Katika kituo kile cha mayatima, huko Yamumbi, watu walimjua kama Chebet.

Jina hilo la Kikalenjin alipewa na Mama Rael, mkuu wa kituo, mwaka wa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba za Wakikuyu zilipokuwa zikichomwa na yeye akiwa mtoto wa miaka saba. Mama Rael alimwambia msichana kwamba mama yake amekufa. Akamkataza Kikikuyu, akamwonya pia kwamba nje kuna jini linaloiga sauti za akina mama, na mtoto akiitika limemla. Kwa hiyo sauti ya mama yake ilipolia langoni mchana kutwa, msichana alijifunika blanketi, akanyamaza. Alikua, akabaki pale kulea wengine, na Mama Rael alimpenda kwelikweli.

Sasa sauti ilirudi kila mvua ilipokatika, na harufu ikazidi, ikaingia kwenye shuka, kwenye uji, kwenye nywele za watoto, mpaka wadogo wakakataa kula na Mama Rael akamwita Mzee Idris, msomaji wa dua kutoka mjini.

Mzee alisoma langoni, akarudi amesawijika.

"Mama, huyu si jini. Ni mwanamke. Anasema alikuja kuchukua mtoto wake, ukamfukuza. Msichana akiitika, ataingia, na mimi sitaweza kumtoa."

Mama Rael aliketi chini. Alieleza polepole kwamba waliokuwa wakichoma nyumba wangejua ameficha Mkikuyu wangechoma kituo kizima, ndiyo maana akakana kuwa na mtoto huyo.

"Na vijana waliofunga barabara wakiwaua Wakikuyu," Waithira akauliza, "ulijua wako hapo ulipomfukuza?"

"Nilijua."

Waithira aliikumbuka siku ile. Mama yake alikuwa hai, akimlilia, na yeye alikuwa chini ya blanketi. Akafungua lango.

"Ndĩ haha, maitũ," akaitika kwa lugha aliyokatazwa: niko hapa, mama.

Nje hapakuwa na mtu. Harufu ilimpita usoni, ikaingia ndani.

Wiki iliyofuata, mvua ilipokatika, sauti nyingine iliita langoni. "Mama, fungua, ni mimi." Ilikuwa ya Kipchumba, mwana pekee wa Mama Rael, anayelima huko Moi's Bridge. Mama Rael aliinuka, akamshika Waithira mkono.

"Ni yeye, Chebet? Niambie kama ni yeye."

Waithira aliendelea kukunja nguo za watoto.

"Usiitike, Mama," akasema. "Ni jini."