Ufa Kwenye Mwamba

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye banda la kazi kumpelekea baba yake chakula. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu mama azikwe, mwaka jana, jina lilibaki lakini maneno yalipungua.

Baba alikuwa fundi wa mashine ya kuchoronga. Mashine ilitoboa ardhi, ikapandisha vipande vya mwamba vilivyo mviringo kama mchi, navyo vilipangwa masandukuni kwa kufuata kina chake. Watafiti walitafuta mahali salama pa kuzika taka za mionzi kutoka hospitalini na viwandani. Taka zenyewe zilikuwa hazijaletwa bado. Kwanza walitaka kuujua mwamba.

"Ukikutwa na ufa je?" Chiriku aliuliza.

"Maji yatapenya, yabebe sumu mpaka visimani. Hapo tunafunga virago, tunahamia kwingine."

"Na mama?"

Baba aliacha kutafuna. "Mama atabaki, mwanangu."

Baba alipokwenda kunawa, Chiriku alichungulia sanduku jipya. Kipande kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, wenye madoa ya kutu. Maji yalikuwa yamepita hapo. Alikitia kwenye mkoba wake wa shule, akaokota kipande kizima kwenye mabaki na kukipachika badala yake.

Punde baba akarudi, na mtaalamu wa miamba akaingia nyuma yake. Alikuwa mwanamke mcheshi mwenye miwani iliyojaa vumbi. Alikagua kipande kimoja kimoja.

"Fundi, sanduku safi! Leo hata sura yako naiona nzuri."

"Basi futa miwani, dada, usije ukajuta!"

Baba akacheka. Chiriku hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu msiba. Mkoba ulimlemea begani.

"Shangazi," alimwambia mtaalamu, "taka zikizikwa, zitakaa na sumu mpaka lini?"

"Mpaka wajukuu wa wajukuu zako wawe wamesahaulika. Ndiyo maana hatubahatishi."

Chiriku alitazama chini. Kisha akafungua mkoba, akakiweka kile kipande mezani.

Hakuna aliyecheka tena.

"Ulijua maana yake?" baba aliuliza.

"Nilijua, baba. Sikutaka tumwache mama."

Mtaalamu aligeuza uso. Baba alikichukua kipande, akakirudisha mahali pake.

Walichoronga tena pembeni. Ufa ulikuwepo, tena mpana zaidi. Kazi ikafungwa, mashine ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa kwenye lori.

Siku ya kuondoka, baba na binti yake walikwenda makaburini. Chiriku aling'oa majani, akasawazisha udongo kwa viganja. Alikuwa na mengi ya kumwambia mama.

"Ulikosea kukificha," baba alisema. "Ulifanya vyema kukitoa. Watoto watakaozaliwa hapa baadaye hatutawaona, wala hawatakuja kutushukuru. Hata hivyo tuna deni la ukweli kwao, kwa sababu wao ndio wangekunywa hayo maji. Huzuni hii ni yetu, Chiriku. Tuibebe wenyewe, tusiwatwishe wao."

Dereva alipiga honi barabarani. Chiriku akajifuta machozi haraka haraka, akainuka.

Baba akamshika bega, akamketisha tena.

"Lia, mwanangu. Lori litasubiri."