Kigari cha Mashine Mpya

Ngi, ngi, ngi! Kijiko kiligonga kikombe gizani, alfajiri. Cheche akavuta shuka hadi puani. Nyumba nzima ilijua kwamba mama akikoroga chai hivyo, kuna mtu atakiona cha mtema kuni.

"Nani ameuacha mtungi wa gesi ya kuchomelea umesimama bila kufungwa?" mama alifoka. "Ukianguka, ukivunjika kichwa, utaruka kama kombora!"

"Nilisahau, mama," kaka alijibu kwa sauti ya usingizi.

"Umesahau! Hata kichwa ungekisahau kama si shingo kukishikilia!"

Mama alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Juzi alikuwa amenunua mashine mpya inayochomelea kwa njia tatu: kwa fimbo ya chuma, kwa waya wenye gesi na kwa waya usiohitaji gesi. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na bado ilikaa sakafuni. Siku hiyo ilikuwa lazima waiundie kigari chenye rafu ya mashine na mahali pa kufungia mtungi.

Kulipopambazuka, karakana ilijaa vumbi la vyuma. Mama alikata vipande, kisha akagawa kazi. "Kaka yako atachomelea. Wewe Cheche, msomaji wetu, soma kitabu cha maelekezo, uiandae mashine kabla hatujaiwasha. Leo tunatumia waya usiohitaji gesi."

"Kila siku yeye achomelee, mimi nisome!"

"Yeye ana miaka kumi na saba. Wewe una kumi na miwili. Soma!"

Kitabu kilieleza waziwazi: mashine imetoka kiwandani ikiwa tayari kwa waya wenye gesi. Kwa waya usiohitaji gesi, fungua mlango wa pembeni, ubadilishe nafasi za nyaya mbili, wa chanya na wa hasi, la sivyo viungo havitashika. Cheche aliufungua mlango. Nyuma yake kaka alikuwa akijaribu barakoa mpya ya kuchomelea huku akipiga mluzi. Damu ikamchemka. Akaubamiza mlango bila kugusa waya hata mmoja.

"Umebadilisha?" mama aliuliza.

"Nimebadilisha."

Cheche akaenda kukaa nyuma ya pazia la kukinga macho. Mashine ikaanza kutema madonge ya moto huku na huku.

"Mama, hii mashine inatema kama mtu aliyetafuna pilipili!" kaka alilalamika.

"Mkono wako ndio unaotema! Tuliza mkono!"

Kufikia mchana kigari kilisimama. Walipakia mashine, wakaufunga mtungi kwa mnyororo, kaka akasukuma. Gurudumu liligonga kizingiti. Kraa! Kiungo cha chini kikaachia, kigari kikalala ubavu, na mtungi ukatua kwa kishindo kando ya mguu wa kaka, upana wa vidole viwili tu.

Kisha mama akalipuka.

"Vua glavu! Asubuhi mtungi, mchana kigari! Kuanzia kesho hukanyagi karakana hii. Nitatafuta kijana mwingine wa kufundisha."

Kaka alivua glavu, kidole kimoja kimoja. Tangu akiwa mdogo hakutaka kazi nyingine ila hii.

Cheche akasogea mbele. "Mama... nyaya sikuzibadilisha."

Mama alifungua mlango wa mashine, akachungulia. Alipogeuka, macho yake yaliwaka. "Mwanangu nimemtukana, nimemfukuza, na wewe unatazama tu! Kwa nini hukubadilisha?"

"Nilisahau."

"Muongo! Aliyesahau habamizi mlango. Niliusikia."

Mama alimgeukia kaka, akamrudishia glavu. "Nimekuonea, baba. Kabla ya kukufokea ningefungua huu mlango kwanza. Nisamehe."

Kaka alizipokea, akazivaa. Mama alibadilisha nyaya mwenyewe. Waliunganisha vyuma viwili vya majaribio, wakavipiga nyundo, havikuachia. Ndipo wakavikata viungo vyote vya kigari na kuvichomelea upya. Jioni kigari kilivuka kizingiti na mzigo wake wote bila hata kulia.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamvuta Cheche mbele yake. Hasira ilikuwa bado sautini, lakini mkono ulikuwa umemshika taratibu.

"Sikiliza. Kazi ya fundi hubeba watu. Ukisema umefanya na hujafanya, mwenzako anaweka mguu wake juu ya uongo wako. Kosa tungelirekebisha kwa dakika tano. Uongo ulikaribia kumvunja mguu na kumnyima kazi yake. Na ukweli wa nusu hautoshi. Bado hujaniambia kwa nini."

Kaka alisimama mlangoni, mikono kifuani, amenuna.

Cheche alimtazama yeye, si mama.

"Nilikuonea wivu, kaka."