Kuku wa Mnyonyeshaji

Ustinya aliruka ngazi za jiko la ikulu mbilimbili, bastola iliyofuliwa Tula imefichwa ndani ya koti la manyoya.

Mbele yake Lindkvist, karani wa balozi wa kigeni, alikuwa akivuka ua. Hana haraka. Anatabasamu.

Ameona.

Ilikuwa Kwaresima. Petersburg nzima ilikula kabichi na uyoga. Pale ikulu padri alimruhusu mtu mmoja tu kula kuku: Fedosya, mnyonyeshaji wa Kaizari mchanga, ili maziwa yasikauke. Leo, Lindkvist akiwa amepita jikoni na zawadi ya samaki, Fedosya alisukuma sahani ya kuku pembeni akachota kabichi.

Mcha Mungu wa watu! Mtoto ana homa, amekataa ziwa, basi Fedosya kaona ruhusa ya kuku imekwisha.

Balozi alikuwa akingoja tu habari kwamba Kaizari anaumwa. Kaizari akifa, mama yake anayemtawalia hana kiti. Jeshi la kigeni lingevuka mpaka.

Kapteni Yermolai, mkuu wake, alimdaka Ustinya kwenye kona.

"Asitoke na habari hiyo."

"Nimpige risasi?"

"Ukimgusa mtu wa balozi, ni vita."

"Nikimwacha?"

"Vita."

"Haya, asante kwa msaada, Kapteni."

Langoni alisimama Saveli, jasusi mwenzake, mchumba wake, kavaa kama mlinzi. Tangu baridi ianze alikuwa habanduki kwa Fedosya. "Kazi," alisema. Ustinya alisikia vicheko vyao kupitia ukutani, akasali apewe moyo wa jiwe. Hakupewa.

Lindkvist alipanda sleji yake ya farasi. Saveli akafungua lango. Masharubu yake yaling'aa.

Mafuta.

Mafuta ya kuku!

Kitu kilimchoma Ustinya kifuani. Papo hapo akaiona njia.

"Wee Saveli!" Ua mzima uligeuka. "Kwaresima hii unalishwa kuku wa mnyonyeshaji?"

"Ustinya, taratibu..."

"Ndiyo maana mwenzio anatafuna kabichi! Kaizari ananyonya kutwa kucha, nyama ya kuleta maziwa inaishia kwenye masharubu yako! Fedosya! Jitokeze, mwizi wa wanaume!"

Fedosya alichungulia dirishani, mwekundu kama bitiruti.

"Nilimpa tu, dada! Alisema ana njaa!"

"Njaa! Na mimi huku ninamfumia soksi!"

Kofi lilimpata Saveli. Kofia ikaruka thelujini.

Lindkvist alishika mbavu kwa kicheko.

"Kumbe ni mapenzi tu! Twende, mwendeshaji. Balozi asahau safari ya mpakani."

Sleji ikatoka. Hakuna jeshi lililovuka. Kabla ya sala ya jioni homa ilishuka, na mtoto akashika ziwa kwa pupa.

Saveli alimkuta Ustinya langoni, bado anajipapasa shavu.

"Umeigiza vizuri, mpenzi. Hata mimi nilitetemeka."

Ustinya alivua pete, akamtia kiganjani.

"Nani kaigiza?"

Akatoa ukoko wa mkate mkavu mfukoni, akajifanyia ishara ya msalaba, akatoka akitafuna. Hakugeuka nyuma.