Mti Ulioanguka Kimya

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana yaliyompata rafiki yangu seremala yameniondolea mimi hamu ya kucheka.

Alinunua kipande cha msitu ajenge karakana. Bwana misitu akaja na makopo ya rangi, akapita mti kwa mti: nyekundu, kata; nyeupe, acha. Mti mmoja mnene katikati ya kiwanja akauzungushia nyeupe mara tatu.

"Huu hapana, ndugu yangu."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia hapana."

Sikio la kufa halisikii dawa. "Hati yangu, msumeno wangu," rafiki yangu akafoka. "Wewe kazi yako rangi tu!"

Akaukata mchana kweupe, mbele ya macho ya bwana misitu. Mti ukalia kwaaa, ukainama, ukalala chini. Vumbi lilitimka, lakini kishindo hakikusikika. Hata ndege hawakuruka.

Bwana misitu alifunika kopo. "Umesikia ukianguka?"

"Sijasikia."

"Basi bado haujaanguka." Akaondoka bila kuaga.

Juzi nilimtembelea rafiki yangu nyumbani kwake mjini. Uani ni saruji tupu, hata mchicha hauna pa kuota. Tulikuwa tunakunywa chai, jua la saa sita, mara giza likaingia chumbani. Juu ya bati tukasikia kwaaa, taratibu, kitu kizito kikiinama.

"Kila siku saa hizi," akasema, kikombe kikimgongagonga meno. "Lakini jana sauti ilikoma mapema kuliko leo."

Tukasubiri ikome.